Rasta Nyekundu za Verediana

Mwanamke mwenye akili zake angeuliza kwanza. Verediana hakuuliza. Jumamosi alikaa saa sita kwenye kiti cha msusi, akasukwa rasta nyekundu kama udongo wa kwao Bukoba, akajiona kapendeza. Jumatatu asubuhi akaingia kwenye fleti ya mtaa wa Umbilo, huku ugenini, kumchukua Gogo Bridie, "gogo" kwa Kizulu ni bibi, mzee wa Kiairishi ambaye yeye anamtunza mwaka wa tatu sasa, ampeleke hospitali kupasuliwa jicho. Moja lilishakufa. Hili lililobaki lilikuwa limesubiri foleni miezi kumi na moja.

Gogo alikuwa mlangoni, mkoba mkononi. Akamsogelea Verediana, akamkodolea, akarudi nyuma.

"Siendi. Kwetu kijijini, ukianza safari ukakutana na mwanamke mwenye nywele nyekundu, unageuza. Baba yangu alikaidi. Farasi alirudi peke yake."

Verediana hakucheka. Angechekaje, wakati bibi yake mwenyewe alikuwa akijikwaa mguu wa kushoto anavua viatu na safari imekufa?

Simu ikalia. Alikuwa Gosbert, dereva, yuko chini na gari. "Dada Vere, eish! Saa mbili kasoro robo. Mkichelewa wanamwita mwingine."

Verediana akakata simu. Akafunga kilemba haraka.

"Nimeshaziona," Gogo alisema. "Kilemba hakiziondoi."

Miezi kumi na moja, kisa urembo wake! Verediana akaenda jikoni, akachukua mkasi, akaanza kukata, rasta na nywele zake pamoja, karibu na ngozi. Zilipoisha sinki lilikuwa limejaa.

"Sasa kaa kitini, Gogo. Ile safari imekufa. Tunaanza nyingine."

Gogo akaketi, akampapasa kichwa polepole, machozi yakamtoka. "Nywele zako, mwanangu."

"Zitaota, Gogo. Jicho halioti."

Bibi akainuka, akamshika mkono. Wakatoka.

Kizingitini mguu wa Verediana ukagonga, kidole kikawaka moto. Akatazama chini. Wa kushoto.

"Nini hicho?" Gogo aliuliza, jicho lake la ukungu likimtafuta.

Chini, Gosbert alipiga honi.

"Mkoba tu, Gogo," alisema. "Umegonga mlango."

Akaanza Salamu Maria kimoyomoyo, akamshika bibi kwa mikono miwili, wakashuka ngazi.