Kayaki Iliyokataa Gundi

Udongo wa kaburi la mume wangu ulikuwa haujakauka shemeji yangu alipojitwalia karakana, lile banda tulilopewa na mwenye kayaki, anayekodisha mitumbwi hiyo ya plastiki pale bwawani. "Shemeji, kazi ya moto si ya mwanamke," aliniambia. Mwanamke huyo alikuwa ameshika pasi ya kuchomelea plastiki miaka kumi na saba, mume akipokea sifa na yeye akipokea moshi. Nikahamia kibarazani kwa dada yangu, nikawa naziba ndoo na madumu. Sikulalamika, lakini sikusahau.

Asubuhi moja nilipita bwawani nikamkuta mwenye kayaki amefura. Shemeji alikuwa ameziba kayaki moja kwa gundi mara tatu, na mara tatu imerudi na maji hadi kwenye kiti.

"Gundi ni nzuri," shemeji alisema. "Kayaki ndiyo mbovu."

"Plastiki hii haishiki gundi," nilisema. "Inataka moto, na plastiki ndugu yake."

"Shemeji, rudi kwenye ndoo zako."

Mwenye kayaki alitutazama sote. "Mama, ukiiziba ikaenda na kurudi kavu, karakana ni yako. Ikirudi na maji, nisikusikie tena."

Niliipandisha juu ya mawe, nikamimina maji ndani.

"Unaiogesha?" shemeji aliuliza, watu wakacheka.

Nikaingia chini yake na kitambaa. Pale shemeji alipobandika gundi palikuwa pakavu. Maji yalitoka shibiri nzima nyuma yake, kwenye ufa mwembamba kama unywele. Alikuwa anatibu goti, na mgonjwa analia jino.

Nikaikausha, nikakwangua, nikatoboa tundu dogo kila ncha ya ufa usije ukarefuka. Kisha nikachoma vipande vya madumu, kimoja kimoja, nikinusa moshi. Kilichonuka mshumaa kama kayaki yenyewe ndicho nilichochukua. Shule sikupelekwa, lakini pua yangu imesoma. Nikayeyusha kipande na ufa pamoja, taratibu, mpaka usijue kipi ni kipi.

Mwenye kayaki aliingia mwenyewe na suruali yake nyeupe. Alivuka bwawa, akageuza, akarudi. Aliposhuka akatugeuzia nyuma, tukague. Suruali ilikuwa kavu kote.

Shemeji akaanza kusema eti leo upepo ulikuwa umetulia. Hakuna aliyemsikiliza.

"Ondoa gundi zako kabla ya adhuhuri," nilimwambia. "Na uzikague vizuri, shemeji, usije ukasema nimekudhulumu."