Aliyeandika kwa Kidole

Ilikuwa mwaka hamsini na tatu. Hapana, hamsini na nne, maana Filomena alikuwa ameshahamishia mgahawa wake Temeke. Pale mgahawani palikuwa na kijana tuliyemwita Makerere, kwa kuwa huko ndiko alikokuwa akisoma hesabu na fizikia, mpaka macho yalipoanza kufifia akarudi nyumbani kutibiwa. Alingoja neno la daktari tu ili arudi chuoni. Kila asubuhi alipapasa benchi, akaamkia shikamoo kila sauti aliyoisikia, hata ya mtoto, kisha akaanza kuandika mezani kwa kidole kikavu. Kidole kilikwenda upesi, kikasita, kikapiga mstari. Mara afute kwa kiganja.

"Wafuta nini, baba, na meza haina kitu?" Filomena alimtania.

"Nimekosea, mama."

Tukacheka, naye akacheka. Siku aliyotoka kwa daktari, kaka yake aliyemshika mkono alitutikisia kichwa: hakuna dawa. Kijana akakaa, akaandika polepole, meza nzima. Filomena akaja na kitambaa chake kama kawaida. Kijana akamzuia mkono.

"Ngoja, mama. Hii imetoka sawasawa."

Filomena akasimama pale na kitambaa chake, chai za watu zikipoa. Hatimaye kijana akainuka. "Basi, futa," akasema, na hatukumwona akiandika tena. Mie niliishia darasa la nne. Nimewauliza wengi waliosoma: hesabu iliyotoka sawasawa, ikafutwa kabla hajaiona mtu, huwa imekwenda wapi?