Ncha ya Futikamba

Miaka ya tisini nilifanya kazi London, katika ofisi ya wasanifu majengo, nikipima makanisa ya zamani kabla hayajakarabatiwa. Moja lilikuwa Edmonton, kaskazini mwa jiji. Lilichorwa karne ya kumi na tisa na msanifu wa mji mdogo wa mkoani aliyefanya kazi na wanawe. Michoro ya mwanzo ina sahihi ya baba, inayofuata ya mtoto, ya mwisho ya mjukuu.

Niliwaonea wivu, sifichi. Kupima jengo ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika ncha ya futikamba, mwingine anasoma kipimo kwa sauti, na yule wa kwanza anakirudia ili kisikosewe. Mimi safari hii nilitumwa peke yangu. Nikamwomba mwanangu aje Jumamosi anishikie. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kwamba ana shughuli. Nilimnunia wiki nzima, kana kwamba yeye ndiye aliyenileta Ulaya.

Basi nikaokota tofali nje, nikaikandamiza nalo ncha, nikavuta hadi ukuta wa pili. Nikasoma kipimo kwa sauti. Kisha, kwa mazoea, nikasimama nikingoja tofali linijibu.