Maji ya Magunia

Wifi yangu Sheikha hakuwa mtu wa kushindwa. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Unguja, wenye mikahawa wa Mji Mkongwe walilalama: saladi na mnanaa vitafungwa kwa kitu gani visinyauke? Sheikha alicheka. Mifuko ile hakuipenda tangu zamani, akisema huitia mboga jasho ikaoza. Alirejea mtindo wa mama yake. Aliosha mboga, akaifunga kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, kisha akaifunika gunia bichi, lililoroweshwa maji. Gunia lisikauke tu, basi. Saladi iliyoletwa kutoka Bububu ilikaa siku kadhaa, ukadhani imechumwa leo. Mkahawa wake, mtaa wa Malindi humo humo Mji Mkongwe, ukajaa watu, na yeye, Mungu anisamehe, akajaa kiburi.

Masika yalipoingia, yaliingia vibaya. Vyoo vilifurika, mifereji ya bomba ikakauka, na mtaa wa pili watu wakaanza kuharisha. Kipindupindu hatukupenda kukitaja. Tulisema maradhi tu. Mimi roho haikunitulia, maana ghorofani kwa Sheikha alikuwako Basma, binti yake wa pekee, mjamzito wa miezi saba, baada ya mimba mbili kuharibika.

"Usinitie wasiwasi, wifi," Sheikha aliniambia. "Maji ya kunywa nnayachemsha, ya kupikia nnayachemsha. Na mwanangu hali cha nje."

Kweli hakuwa akila cha nje. Hamu yake ilikuwa saladi ya mama yake, baridi, na ndimu juu.

Asubuhi moja nilimkuta Sheikha uani anateka maji kisimani. Maji yalikuwa yamepanda karibu na ukingo, na yalinuka choo.

"Hayo ya nini?" nikamuuliza.

"Ya magunia. Haya si ya kunywa, wifi. Nimwagie magunia maji ya kuchemsha? Makaa nnayapata wapi?"

Akayamwagia. Niliyaona yakipenya gunia, yakitiririka juu ya majani ya mgomba na kuingia ndani ya vifurushi.

"Saladi ukiitoa humo, huiosha?"

"Niioshe ya nini? Nshaiosha kabla ya kuifunga. Ukiiosha tena inalegea."

Alipomaliza kusema alibaki amelikodolea macho gunia. Nilimwona akielewa.

"Mama!" Basma aliita kutoka juu, kwa sauti ndogo.

"Naam!" Sheikha akaitika, akazipanda ngazi mbio, mimi nyuma yake.

Tulimkuta amejikunja sakafuni, ameharisha, macho yameingia ndani. Tukamkimbiza hospitali na mvua inatupiga. Mtoto alizaliwa usiku ule, hakulia.

Basma alipona. Hajui kitu. Kila akimtaja mwanawe husema ni kadari ya Mungu, na mama yake huitikia, "Kadari ya Mungu, mwanangu." Kisha Sheikha hunitazama mimi, na mimi huangalia pembeni.