Mjukuu Wangu ni Namba Ngapi

Jumapili hiyo nilisimama kanisani wakati wa ushuhuda, nikainua juu kitabu alichonitumia mjukuu wangu ili hata wale wa viti vya nyuma wakione. Nikasema, "Bwana asifiwe. Mjukuu wangu wa kike, yule niliyemlea mimi mwenyewe, ni namba moja." Nikawaonyesha kwa kidole. Kwenye pembe ya jalada palikuwa pameandikwa Na. 1, kwa rangi nyekundu. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema huyo ni baraka kwa Kathonzweni yote.

Mwezi uliofuata kitabu cha pili kikaja. Na. 2. Sikupenda, lakini nikajiambia hata wa pili si mbaya, nchi hii ina watu wengi. Cha tatu kilipokuja na tatu, nilikaa nacho nyumbani. Cha nne kilipokuja na nne nilimpigia simu.

"Mwiitu, binti yangu, huko Nairobi unafanya nini? Ni mwanaume?"

"Susu, mwanaume gani tena?" Huniita Susu, yaani bibi, tangu utotoni.

"Kila mwezi unaanguka. Ulianza namba moja, sasa uko nne."

Akacheka mpaka simu ikamponyoka. Alipoiokota akaniambia hiyo si namba ya mtihani. Hicho ni kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu, kama watoto wanavyofuatana tumboni. Sasa mimi nimelea watoto saba na wajukuu juu yao, na kila shule ikifungwa nimeuliza swali moja tu mlangoni: ulikuwa namba ngapi? Nani angenifundisha kwamba kuna namba nyingine?

"Basi namba yako ya kweli ni ngapi?" nikamuuliza.

Kicheko kikaisha. "Kumi na tatu, Susu."

"Kati ya wangapi?"

"Kumi na nne."

Tangu siku hiyo sijakaa vizuri.

Nieleze kazi yake, kwa sababu hata mimi nilichelewa kuielewa. Mjukuu wangu anachora vitabu vya katuni vya watu wenye nguvu za ajabu. Vijana wanawaita masupahiro. Kampuni moja huko Nairobi ilikuwa nao kumi na nne, kila mmoja na mchoraji wake na kitabu chake kila mwezi. Kuna anayeruka, kuna anayemeza stima, kuna mmoja anapita kwenye ukuta kama hewa na sijui kwa nini huwa hana shati. Wa mjukuu wangu ni msichana wa huku kwetu. Ananusa maji yaliyo chini ya mchanga wa mto uliokauka, na akipigana anapigana kwa mukwa, ule ukanda wa kubebea mtungi mgongoni, unaoupitisha kwenye paji la uso. Paji lake lina alama ya ukanda. Langu pia linayo. Sikuambiwa kwamba ni mimi, lakini mimi si mjinga.

Kila mwisho wa mwezi kampuni hiyo ilitoa orodha: kitabu cha nani kimenunuliwa zaidi, cha nani kimebaki dukani. Hiyo ndiyo namba. Mtihani wa kila mwezi, na huulizwi chochote ujibu.

Wakati wa kuvuna ndengu alikuja kunisaidia. Tulikuwa tumeinama shambani akasema, "Susu, tunaingia Makutano."

"Makutano ya wapi? Ya kwenda Embu?"

"Si barabara, Susu. Ni hadithi."

Akanieleza huku tunang'oa. Mashujaa wote kumi na nne wataingia kwenye hadithi moja kubwa, ya miezi minne. Hadithi yenyewe imekatwakatwa kama mbuzi wa harusi, na kila shujaa amepewa kipande chake kwenye kitabu chake. Msomaji akitaka kujua yote lazima anunue vyote.

"Huu ni ujanja wa bucha," nikamwambia. "Nikitaka ini, lazima nibebe na kwato."

"Ndiyo hivyo."

"Na wewe ni ini au kwato?"

Hakucheka. Akasema miezi minne ikiisha, kampuni itabaki na mashujaa kumi tu, wale kumi wa juu kwenye orodha. Wengine wanne watauawa katika kitabu cha mwisho.

"Watauawa na nani?"

"Na sisi wenyewe. Kila mtu anamchora wake akifa. Halafu anaenda nyumbani."

Nilisimama na ndengu mkononi. Miaka mitatu nilimwona huyu mtoto akichora nyuma ya kalenda, kwenye mifuko ya unga, kwenye ukuta wangu wa jikoni nikamchapa. Mama yake alitaka awe karani. Mimi ndiye niliyesema mwacheni.

Nikaamua kumsaidia. Mimi si mtu wa kuomba tu na kukunja mikono. Kila mwezi alinitumia kitabu kimoja, na mimi nikahakikisha hakilali. Jumanne kilikuwa kwa kikundi cha akina mama, Alhamisi kwa kwaya, Jumamosi kwa muuza nyanya wa sokoni aliyekisoma miguu ikiwa juu ya kreti. Kisha nilimpa mchuuzi wa maembe akipeleke Kabati kwa dada yangu, aliyeolewa huko Kitui. Dada yangu aliwasomea watu kwenye foleni ya mashine ya kusaga, akitafsiri kwa Kikamba, na mwenye mashine akazima injini ili asikie vizuri. Kitabu kilirudi kina unga na alama ya kikombe cha chai. Nilikipangusa kwa kitenge, nikampa mwingine. Asiyejua kusoma nilimweleza picha. Aliyetaka kukaa nacho siku mbili nilimfuata kwake asubuhi na mapema.

Mwezi wa kwanza wa Makutano, mjukuu wangu akawa wa kumi na tatu. Wa pili, kumi na mbili. Wa tatu, kumi na mbili tena.

Sikulala vizuri wala sikuamka vizuri. Nilienda shambani nikafika nikasahau jembe. Nikaweka chumvi kwenye chai. Nilishindwa kuelewa: watoto hapa wanafunga kamba kwenye paji la uso wakicheza, soko zima linamjua msichana wa mukwa, na orodha haisogei. Nikasema hapa kuna mtu anaiba. Nyuma ya kitabu kulikuwa na namba ya simu ya kampuni. Nikapiga. Akapokea kijana mwenye sauti ya kupakwa mafuta, akasema yeye ndiye mkubwa wa mauzo.

"Mimi ni susu wa yule wa kumi na mbili," nikamwambia.

"Karibu, mama. Tukusaidie vipi?"

"Nisaidie na ukweli. Hiyo orodha nani anaiandika?"

"Inatoka madukani, mama."

"Basi maduka yana uongo. Hiki kitabu nilichoshika kimesomwa na watu ishirini na wanane, na wote nawajua mpaka kwao. Kimefika Kabati kikarudi. Una shujaa mwingine hapo amefika Kabati?"

Akauliza, "Kitabu kimoja, mama?"

"Kimoja. Na hakijang'oka hata karatasi."

"Mama," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya mtu, "sisi hatuhesabu waliosoma. Tunahesabu vilivyonunuliwa. Hao wako ishirini na wanane, kwetu ni mtu mmoja."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa juu ya ndoo.

"Na huyo wa kumi," nikamuuliza, "amemwacha mjukuu wangu kwa vitabu vingapi?"

Hakutaja. Alisema tu, "Si vingi."

Heri angesema elfu.

Kulikuwa kumebaki kitabu kimoja, cha mwezi wa nne. Nikazunguka kwa wale wale. Nikawaambia safari hii siazimi, kila mtu anunue chake, duka la vitabu liko Kibwezi. Mwenzangu mmoja wa kikundi akashika kiuno.

"Kwani mwezi uliopita nilikisoma vibaya?"

"Ulikisoma vizuri. Sasa kisome kikiwa chako."

"Mama, siku hizi umefungua duka?"

"Nimefungua macho."

Wengine walininunia. Hapa kwetu mtu akikunyima kitu alichokupa jana, unajiuliza ulimkosea wapi. Lakini wengine walienda, na muuza nyanya alinunua viwili, kimoja cha kusoma na kimoja cha kunionyesha kwamba amenunua. Orodha ilipotoka, mjukuu wangu alikuwa namba kumi na moja.

Alikuja kumuulia shujaa wake kwangu. Alisema Nairobi mkono unakataa. Alikaa kwenye meza yangu na kile kibao chake cha kioo anachochorea, kalamu haina wino, na nikawa napita nyuma yake, natoka nje, narudi, nafagia mahali nimeshafagia.

"Susu, kaa."

"Nikikaa nitakwambia kitu."

"Basi kaa uniambie."

Nikamwambia yote. Kwaya, Kabati, mashine ya kusaga, simu. Hakuinua kichwa.

"Ishirini na wanane?"

"Na wanane."

"Walimpenda?"

"Wa Kabati walilia alipoumwa na nyoka."

Akaendelea kuchora. Akasema, polepole, "Ungewaambia wanunue, Susu."

"Ningejua, ningewaambia."

Kesho yake asubuhi, nilipompelekea uji alikuwa amemaliza. Alinionyesha yule msichana amelala kwenye mchanga wa mto, na mimi niliyezika mume na watoto wawili nikashindwa kutazama. Ndipo akaniambia, labda kunituliza, kwamba kwenye hizi hadithi wafu hurudi. Watu wakiuliza sana madukani, kampuni humrudisha.

"Mimi najua mmoja tu aliyefufuka," nikamjibu, "na hakungoja orodha."

Lakini nilisikia.

Sasa hivi anachora mabango ya hoteli na gereji kando ya barabara ya Mombasa. Kuku wa kukaanga, taulo, matairi. Anasema ni sawa. Nikimuuliza kama amechora kitu chake, anauliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Wiki iliyopita nilienda Kibwezi, kwenye lile duka la vitabu. Mwenye duka aliponiona akaweka mikono juu ya kaunta.

"Kile cha msichana wa mukwa kimefika?" nikamuuliza.

"Mama, yule alikufa. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua. Kimefika?"

"Asubuhi amekuja mwingine wa kanisa lenu. Jana walikuwa wawili na muuza nyanya. Mnataka nini kwangu?"

"Kununua."

"Hakipo."

"Basi waambie Nairobi kwamba tumekuja kununua na hakipo. Si kusoma. Kununua."

Akaniangalia, akaangalia mlango kama kuna mwingine anaingia. Akachukua simu. Nikaweka kikapu changu sakafuni na kusimama pale pale, nikamtazama akitafuta namba.