Kiboko Hakatai

Kazi ya kuwa Kiboko haitaki cheti, inataka shingo. Kichwa chake kilikuwa cha sponji na kitambaa cha kijivu, kizito kama gunia la unga, na aliyekivaa aliiona dunia kupitia mdomoni, kwenye wavu mweusi uliofichwa nyuma ya meno. Joto la humo ndani we acha tu. Na kwa miezi kadhaa aliyekuwa akipikika humo ni msichana mmoja mwembamba, amemaliza sekondari juzijuzi, anasubiri chuo kifunguliwe. Wenzake kazini walimwita Profesa. Chuo chenyewe hajakiona hata geti, lakini watu walishampandisha cheo.

Bustani ya michezo alikofanyia kazi ilikuwa na treni ndogo, farasi wa mbao wa kuzunguka, na gurudumu kubwa lililokuwa likikwaruza kila likianza kupanda. Watoto walilia kwenye treni, wakalia kwenye farasi, kisha wakaja kunyamazia tumboni kwa Kiboko. Masharti yake yalikuwa machache ila makali. Kiboko hasemi. Kiboko havui kichwa mbele ya watu. Na Kiboko hakatai.

Hilo la mwisho msidhani lilikuwa upole. Ulikuwa ufundi mbovu! Kichwa hakikushika vizuri mabegani. Ukikitikisa kushoto na kulia kinajigeukia chenyewe, macho yanabaki yanatazama mgongo. Kiliwahi kugeuka hivyo katikati ya kundi la watoto wa chekechea, na wapo ambao mpaka leo hawataki kusikia habari za bustani. Basi ikawa sheria: ukiulizwa lolote, itikia kwa kichwa, juu na chini, yaishe. Kiboko unanipenda? Ndiyo. Utakula biskuti yangu? Ndiyo. Una watoto mia nyumbani? Ndiyo, kwani nini.

Ilifika mahali Profesa akawa anaitikia hivyo hata nyumbani. Mama yake akiuliza kama ameoga, kichwa kinakwenda juu na chini. Akiuliza kama amekula, hivyo hivyo.

"Mdomo umeuacha kazini?" mama yake alimuuliza siku moja, na binti akaitikia tena kwa kichwa. Wakacheka wote wawili mpaka chai ikapoa.

Kwa kuwa Kiboko haoni miguu yake, lazima awe na mtu wa kumshika mkono. Huyo alikuwa mfanyakazi wa siku nyingi aliyeitwa Filimbi, kwa ajili ya ile aliyoivaa shingoni na kuipuliza hata pasipo na sababu. Filimbi ndiye aliyemzoesha Profesa kutembea na tumbo mbele, na ndiye aliyemwagia maji kichwani kila akitoka humo amelowa chapachapa.

Sasa, mwanamke aliyekata tiketi pale getini alikuwa na binti mdogo, wa kuingia darasa la kwanza muhula huo unaokuja. Kila alasiri mtoto alishinda hapo bustanini akimsubiri mama yake. Kwa watu alikuwa bubu kabisa. Ukimsalimia anajificha nyuma ya sketi ya mama, ukimpa pipi anaipokea na kukimbia. Lakini kwa Kiboko, jamani! Alipanda juu ya benchi, akashika lile sikio la kitambaa kwa mikono miwili, akamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Sikio lilikuwa pambo tu, lakini sauti ilipenya mdomoni, na Profesa alisikia kila neno. Alimpenda mtoto yule. Kuna siku alikuja kazini ana homa, kwa sababu tu alijua kuna mtu atamtafuta.

Alasiri moja mtoto akapanda benchi kama kawaida.

"Kiboko," alinong'ona, "wewe ndiye utanipeleka shule Jumatatu wanayofungua? Ukinipeleka wewe nitakwenda. Usiponipeleka siendi."

Jasho lilikuwa likimwingia Profesa machoni, na shingo yake ilishazoea kujibu kabla yeye hajafikiri. Ikaenda juu, ikaenda chini. Mtoto akamkumbatia, akashuka benchini, akakimbia mpaka dirisha la tiketi akipiga kelele, yeye ambaye sauti yake watu wa pale hawakuijua: "Mama! Nitakwenda shule!"

Hapo ndipo maneno yalipomwingia Profesa. Jumatatu ile ile ndiyo aliyokatiwa tiketi ya basi la alfajiri kwenda chuoni.

"Umefanya nini, dada?" Filimbi alimuuliza walipofika chumba cha kubadilishia nguo, akamsikiliza, akaangua kicheko. Kisha alimwona uso, kicheko kikamkauka. "Umeshaitikia," akasema. "Sasa utaitikuaje, uirudishe hiyo ndiyo?"

Profesa alijaribu. Kesho yake alipunga vidole vile vinene kukataa. Mtoto akadhani anatekenywa, akaanguka kwa kicheko. Alikunja mikono kifuani kwa ukali. Mtoto akadhani ni mchezo mpya, naye akaikunja. Akamwendea meneja kuomba vazi kwa asubuhi moja tu.

"Kiboko hatoki nje ya geti," meneja akasema bila kuinua uso. "Alikwenda harusini mara moja, akarudi hana mkia."

Ikabaki kwenda kwa mama mtu. Profesa alimkuta dirishani anapanga vibunda vya tiketi, akamweleza yote, akamalizia kwamba anataka kumwambia mtoto ukweli kabla ya siku yenyewe. Mkata tiketi kwanza alicheka. Halafu akaacha kupanga.

"Mdogo wangu, nakuomba, usiniharibie," alisema. "Kabla ya hapo nikitaja shule anatapika. Anatapika kweli, si maneno. Sasa hivi sare anaivaa kila akirudi nyumbani, anajiangalia kwenye kioo. Siku ikifika nitamwambia Kiboko anaumwa."

"Na siku ya pili yake, dada?"

"Ya pili yake nitaijua ikifika."

Profesa akaitikia kwa kichwa. Mazoea hayo! Lakini rohoni hakukubali, na kuanzia hapo kazi ikamkaa vibaya. Kilichomuuma zaidi hakumwambia mtu. Hata yeye alikuwa anakiogopa chuo. Hakuwa amewahi kulala nje ya nyumba ya mama yake zaidi ya usiku mmoja, na huko kwenye mji wa chuo hamjui hata paka. Lakini mtu anayeitwa Profesa ataanzaje kusema anaogopa shule? Kwa hiyo kila aliyemuuliza kama yuko tayari, alimwitikia.

Wiki za mwisho zikaenda mbio. Akaletwa Kiboko mpya, kijana mrefu ambaye vifundo vya miguu vilibaki nje, na Profesa akamfundisha: usishike kiuno, usikimbie, ukitaka kupiga chafya lala chini ujifanye umechoka. Siku ya mwisho ya Profesa wafanyakazi walimnunulia keki na soda. Filimbi alitaka kutoa hotuba, akaishia kupuliza filimbi, akageukia ukutani kujifuta pua.

Mchana wa siku hiyo hiyo mtoto alikuwa amekuja benchini na neno moja tu.

"Jumatatu," alinong'ona, akambusu Kiboko shavuni.

Profesa hakuitikia. Alisimama tuli, analia, na machozi asiweze kuyafuta kwa sababu mkono wa Kiboko hauingii mdomoni mwake. Mtoto hakuona tofauti yoyote. Jibu alishalipata siku nyingi.

Jumapili Profesa akabadilisha tiketi ya kesho yake, akaacha basi la alfajiri akachukua la mchana.

"Basi la mchana linakufikisha giza, wewe mtoto wewe!" mama yake alifoka. "Mizigo yote hiyo, mahali hupajui, kisa nini?"

"Kuna mtu nimemwahidi, mama."

Mama yake akamtazama, akaona hilo si la kubishia, akarudi kupiga pasi.

Asubuhi ya Jumatatu geti la shule lilikuwa vurugu tupu, mabegi mapya, vilio, akina mama wanaotazama saa. Mtoto alisimama pembeni, soksi zimevutwa mpaka magotini. Alimtazama kila aliyepita, kisha akatazama nyuma yao, akitafuta tumbo la kijivu. Mama yake alikuwa ameinama, anamweleza habari ya Kiboko kuumwa, na mtoto alishaanza kushika tumbo lake kama wanavyofanya wanaotaka kutapika. Profesa akachuchumaa mbele yao. Mkata tiketi alipomwona akafumba macho.

"Shikamoo," mtoto alisema kwa sauti isiyosikika, akarudi nyuma ya sketi.

"Marahaba. Ni mimi. Kiboko."

"Muongo."

"Uliniambia shangazi yako akikoroma unampulizia puani. Uliniambia ulikata nywele zako mwenyewe mbele, ukasingizia panya. Uliniambia unaogopa choo cha shule, utafungiwa humo wakusahau."

Mkata tiketi akafumbua macho kwa hayo mawili ya kwanza. Mtoto alitoka nyuma ya sketi polepole. Akamshika Profesa shavu, akamtazama mdomoni, akamzunguka mpaka nyuma na kurudi.

"Mbona umekonda?" aliuliza.

Mama yake alicheka huku analia, akawaachia njia. Wakaingia wawili wameshikana mikono, wakapita kwanza kukikagua choo, wakajaribu mlango kwa ndani na kwa nje, kisha wakafika mlangoni kwa darasa la kwanza. Mwalimu alikuwa anawapanga watoto wengine kwenye madawati. Mtoto akachungulia, akaukaza mkono.

"Kesho utanileta tena?"

Shingo ilishaanza kuinama. Profesa akaisimamisha. Wallahi ilimgharimu.

"Hapana, mama," alisema. "Kesho sitakuja."

"Na kesho kutwa?"

"Hapana. Naondoka leo. Hata mimi naanza shule, iko mbali."

Midomo ya mtoto ilianza kutetemeka, na Profesa akaona kwamba amekwisha, ameharibu kila kitu kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini mtoto alikuwa bado anafikiri.

"Unaogopa?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na hapakuwa na kichwa cha sponji cha kujifichia.

"Ndiyo," alisema. "Naogopa sana."

"Nani anakupeleka?"

"Hakuna. Nakwenda mwenyewe."

Mtoto aliliangalia darasa, akamwangalia yeye. Akavua begi lake jipya, akaliweka chini pale mlangoni kwa adabu kama mtu anayerudi sasa hivi, akamshika Profesa mkono na kumgeuza. Akamrudisha njia yote waliyoijia, mtoto mbele, mkubwa nyuma, wakapita choo, wakapita mlingoti wa bendera, mpaka getini ambapo mama yake alikuwa bado amesimama.

"Haya, nenda," mtoto alimwambia. "Usilie."

Kisha akageuka, akakimbia peke yake kurudi darasani.