Mchuzi Uliopoa

Mpishi wa tamthilia ya televisheni inayoigizwa mgahawani huonja kila sufuria, ingawa waigizaji hawali chochote. Hupunguza moto, huliweka sawa taulo begani, na husema "bado" kwa sauti isiyobishiwa. Sehemu ya sita ilipopwaya, mwongozaji alitaka jiko lilipuke katika ya saba, mke akiwa mezani anamsubiri mumewe, akatoa kiberiti. "Watazamaji wanatukimbia, mama. Tukipwaya tena, tunafungiwa." Mpishi akakifunika kiberiti kwa kiganja. "Mwanangu, mke amemngoja mumewe tangu adhuhuri, halafu jiko bado linawaka na sahani inatoa mvuke? Nani atakuamini?" Akapakua mchuzi uliopoa tangu asubuhi, mafuta yameganda juu. Kamera zikawashwa. Mwigizaji aliyecheza mke akaitazama ile sahani, akasahau maneno yake yote, akalia. Mwongozaji aliinua mkono kusimamisha kazi, kisha akaushusha taratibu.